Mambo Ambayo Korti Inajua Bila Kuambiwa

Kiatu cha mwanangu kilitua juu ya faili la yule afisa kabla mimi mwenyewe sijajua kwamba nimekivua. Kiatu cha kushoto, cheusi, cha ngozi, ambacho fundi wa Mbarara alikiongezea soli upande mmoja ili mtoto asitembee akilala kama meza yenye mguu mfupi. Neema alibaki amesimama kwa mguu mmoja, ameshika sketi yangu, ananitazama kuona kama ni mchezo.

"Nyabo," afisa akasema, "wewe kwanza toa hii kiatu kwa meza. Hii ni ofisi ya serikali, si soko."

"Mmesema hamjui. Sasa mjue."

"Mimi sijasema sijui. Barua ndiyo imesema."

Barua alikuwa amenipa dakika chache kabla, na nilikuwa nimeisoma mara mbili nikiwa nimesimama. Ilikuwa jibu la notisi yetu, ile taarifa kwamba tutaishitaki serikali. Ilisema serikali inakana kwamba lori lake la maji lilikuwa pale siku ile. Inakana kwamba dereva ni mfanyakazi wake. Inasema mtoto wa miaka mitano hakuwa mwangalifu. Hayo yote niliyameza. Kisha mstari wa mwisho: serikali haina habari kwamba mahali panapoitwa Nakivale ni makazi ya wakimbizi yaliyo chini ya serikali, na mdai atatakiwa kuthibitisha jambo hilo kikamilifu.

"Ssebo, umeshafika Nakivale?"

"Nimefika mara mingi."

"Ulifuata nini?"

"Kazi."

"Kazi ya nani?"

Askari wa mlangoni alicheka, halafu akajifanya anakohoa.

"Nyabo, sikia," afisa akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Hiyo tunaandikanga kwa kila mtu. Iko ndani ya kompyuta. Tunabadilisha jina tu."

Nilikirudisha kiatu mguuni mwa mtoto, nikafunga kamba, nikaondoka. Subira yangu iliishia pale, juu ya ile meza, na sijaitafuta tena.

Nawaandikia ninyi mnaomaliza sekondari hapa Nakivale, mnaojua Kiingereza cha kutosha kusoma barua ya serikali na Kiswahili cha kutosha kuwaeleza mama zenu inasema nini. Mnanijia pale ninaposhona nguo, mnaniuliza kazi ya ukalimani wa wakili ikoje. Niliifanya miaka tisa. Nimeiacha. Mnicheke mkitaka kwamba nimestaafu kabla ya kufika miaka thelathini, lakini kaeni mnisikilize, kwa sababu mtaumiza watu kama nilivyoumiza mimi, na bora muumize wachache.

Anzeni na hili. Sisi tuliotoka Kivu ya Kusini, serikali tunaiita Leta. Leta njo inapasua barabara, Leta njo inabomoa nyumba, na mutu ya Leta akipita unatoa kofia. Hakuna aliyewahi kutufundisha kwamba Leta ina mahali pa kupelekewa kesi, na kwamba ukikosea mahali hapo ni kama hukupeleka kitu. Tulipofika hapa tukamkuta Komanda, mkuu wa makazi. Yeye ndiye anagawa viwanja, yeye anatia muhuri, yeye anasuluhisha ugomvi wa mbuzi. Tukasema basi, Leta ya hapa ni huyu. Mkimbizi yeyote ukimwamsha usingizini ukamuuliza serikali ni nani, atakwambia Komanda.

Hilo kosa lilinigharimu mzee mmoja.

Jina lake Papa Bulonza. Greda la serikali lilikuwa linatengeneza barabara upande wetu, likachimba mtaro na kuuelekeza nyumbani kwake. Mvua ya kwanza ikaondoa ukuta wa nyuma. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane, nimetoka shule, naona Kiingereza changu kinaweza kusimamisha mto. Nikamwandikia barua nzuri kabisa: "Kwa Mheshimiwa Komanda." Aya sita. Tukaipeleka, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Papa Bulonza akaifunga ndani ya plastiki, akaitundika ukutani, ule ukuta uliobaki.

Kila mwezi tulikwenda kuuliza. Tulikuwa tunaambiwa tusubiri. Tulikuwa tunashukuru. Nakumbuka tulikuwa tunashukuru kwa mikono miwili. Miaka miwili na wiki kadhaa ikapita, ndipo Komanda mwenyewe, mtu muungwana, akasema, "Jambo hili limenizidi, nendeni Mbarara mkatafute wakili."

Ndipo nilipomjua Hajati Zaituni. Ofisi yake ipo ghorofani, juu ya duka la magodoro. Mwanamke mnene, mwenye kucheka, baba yake alikuwa mfanyabiashara wa ngozi za ng'ombe, Kiswahili alikiokota dukani kwa baba. Aliitazama ile barua, akatazama muhuri, akahesabu kwa vidole.

"Nani aliandika hii?"

"Mimi, Hajati."

"Komanda ni mfanyakazi. Leo iko hapa, kesho wanampeleka kwingine. Wewe umeshitaki mlango wa nyumba. Mwenye nyumba hana habari." Akamgeukia mzee. "Ukitaka kushitaki serikali kuu unamshitaki Mwanasheria Mkuu. Hata kama hajawahi kukuona. Yeye ndiye anasimama kwa jina la serikali. Na kesi ya kuumizwa na serikali ina miaka miwili tu. Yako imekufa, mzee wangu. Pole."

Papa Bulonza hakuelewa Kiswahili chake chote. Nilimtafsiria, kila neno, huo ndio ulikuwa ukalimani wangu wa kwanza. Akafikiri. Akasema, "Mwambie mama wakili kwamba hatukukaa bure. Tulisubiri kwa heshima."

"Mwambie sheria haina mahali pa kuandika heshima," Hajati akasema, lakini alisema akiangalia dirishani.

Tulipokuwa tunashuka ngazi mzee akanishika bega. "Mwanangu, uliandika vizuri sana ile barua." Angenipiga kofi, usiku ule ningepata usingizi. Nikarudi juu kuchukua mwavuli nilioacha, Hajati akaniambia, "Kesho njoo ufanye kazi hapa. Mtu aliyekosea hivi harudii." Huo ndio ulikuwa usaili wangu.

Sasa mnataka mambo ya kazi. Haya.

Mtu akija analia kwamba gari limemgonga, usimpe kiti kwanza. Muulize namba ya gari. Kama namba inaanza na UG, hilo ni la serikali, mnajua mlango wa kwenda. Kama ni namba ya kawaida kama ya kila mtu, ni la mkandarasi au la mtu binafsi. Shitaki kama unavyomshitaki jirani. Kama ni la shirika la kimataifa lenye namba za rangi yake, vuta pumzi. Hao wana kinga. Huwezi kuwapeleka kortini mpaka wao wenyewe wakubali kupelekwa, na sijaona mtu anayekubali kupelekwa. Kwa hao unaandika barua ya adabu na unaomba. Hajati alikuwa anasema mlango wa serikali umefungwa lakini una kitasa nje, mlango wa mashirika kitasa kiko ndani.

Pelekeni notisi kabla ya kesi. Siku hizi kuna majaji ambao hawakufukuzi kwa kukosa notisi, lakini usimjengee mtu nyumba yake juu ya huruma ya jaji. Andikeni tarehe ya tukio kwenye jalada, nje, kwa kalamu nene, na chini yake tarehe ambayo miaka miwili inaisha. Mimi nilikuwa naiandika kwa wino mwekundu. Hajati alisema ofisi yake inafanana na bucha.

Na waambieni wateja mapema kwamba hata ukishinda, mali ya serikali haikamatwi. Kuna mama mmoja wa kule Masha alishinda kesi ya migomba yake iliyofyekwa, akaja siku iliyofuata na gari la kukodi na wanaume wawili wabebe viti vya ofisi iliyoshindwa. Hajati akamkimbilia.

"Mama, viti vya serikali havikamatwi!"

"Sasa mimi nimeshinda nini?"

"Umeshinda karatasi. Sasa tunaanza kuomba waitii."

Yule mama akafikiri, akaingia, akachagua kiti kizuri. "Kama siwezi kukibeba nitakikalia." Alikuwa anakuja kila Jumatatu na kitambaa chake cha kufuma, anakaa mpaka ofisi inafungwa. Hakuna sheria inayokataza. Walimaliza shida yake haraka kuliko za watu wengi.

Jambo gumu kuliko yote kuwatafsiria watu wetu ni lile la mambo ambayo korti inajua yenyewe. Iko hivi. Jaji hahitaji shahidi wa kumwambia kwamba mwezi wa Disemba una sikukuu ya Noeli, au kwamba Mbarara ipo Uganda, au kwamba sheria fulani ilipitishwa. Hayo anayatambua mwenyewe, yanaandikwa yamejulikana, tunaendelea. Lakini mengine yote, hata kama dunia nzima inayajua, kwake hayapo mpaka mtu aape na kuyasema. Watu wetu hilo haliwaingii. "Kila mutu anajua!" ndilo neno nililolitafsiri mara nyingi kuliko lolote katika miaka tisa.

Kulikuwa na kesi ya josho la ng'ombe upande wa Endiinzi. Mtumishi wa wilaya alizidisha dawa ya kupe kwenye maji, ng'ombe wakafa. Wilaya haijifichi nyuma ya Mwanasheria Mkuu, inashitakiwa kwa jina lake, liwekeni hilo akilini. Shahidi alikuwa mchungaji wa ng'ombe, Mnyamulenge wa kwetu Kivu, mimi namtafsiria. Akaulizwa, ulijuaje dawa imezidi? Akajibu, kwa harufu, na kwa jinsi ng'ombe walivyokataa kuingia.

Wakili wa wilaya akasimama: hakuna ushahidi wa kitaalamu kwamba ng'ombe hukataa josho lenye dawa kali.

Mchungaji akashangaa. Akamgeukia jaji moja kwa moja. "Mzee mukubwa, wewe si ni mutu wa huku? Baba yako hakuwa na ng'ombe?"

Mimi nilitafsiri, ningefanya nini. Jaji akavua miwani.

"Mwambie baba yangu alikuwa nao wengi. Mwambie mimi mwenyewe nimewasukuma kwenye josho nikiwa mtoto, na najua anachosema ni kweli. Halafu mwambie kwamba najua hivyo kama mtoto wa baba yangu. Kama jaji, sijui. Alete daktari wa mifugo."

Nikamtafsiria. Mchungaji akatikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyeona jamaa yake amerukwa na akili. "Basi muulizeni mtoto wa baba yake, huyu mwingine aende apumzike."

Jaji alicheka mpaka akapangusa macho. Daktari wa mifugo aliletwa. Nimekuwa nikiwaeleza watu sheria hii kwa hadithi hiyo, na wanaielewa. Nilidhani na mimi naielewa.

Sasa habari ya mwanangu. Nitaisema kifupi.

Kiangazi bomba zetu hukauka, lori la maji huja asubuhi. Jerikani zinapangwa mstari tangu mapema, kila moja na alama yake, na jerikani ndiyo inayosimama badala ya mtu. Yetu ina kitambaa chekundu. Lakini kama hakuna anayeilinda, inatembea kurudi nyuma yenyewe, mnaelewa. Kwa hiyo nilikuwa namwambia Neema asimame nayo, popote ilipo.

Mwangalizi wa pale ni Mama Sifa. Siku ile aliiondoa jerikani yetu kutoka katikati ya mstari, akaipeleka nyuma kabisa. Nilikuta hivyo, mtoto amesimama kule nyuma na jerikani, ananingoja. Nikamfuata Mama Sifa kwa maneno. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwa mwanangu, namwambia mwanamke mwenzangu kwamba amekula nafasi ya mtoto, na mengine ambayo siyaandiki. Lori lilikuwa linarudi nyuma. Hakukuwa na mtu wa kumwongoza dereva. Gurudumu lilichukua jerikani kwanza, ikalia kama bunduki, kisha mguu.

Dereva alishuka, akasema pole, akasaidia kumpakia mtoto kwenye pikipiki. Kisha maji yakagawiwa. Watu waliyachota. Siwalaumu, na mimi ningechota.

Tukapelekwa mpaka hospitali ya Mbarara. Nilimpigia Hajati simu nikiwa kwenye korido. Alisema pole, akasoma dua kwa Kiarabu, akauliza hali ya mtoto. Halafu akauliza, kwa sababu ni kazi yake, "Namba ya gari?"

Nimeuliza swali hilo watu wengi mno. Niliwahi kumgombeza baba mmoja aliyemkimbilia mke wake badala ya kutazama namba.

"Sikuitazama," nikasema.

Wafundisheni watu kutazama namba, lakini msimgombeze aliyeshindwa. Hilo ndilo nililojifunza baadaye kuliko yote.

Watu wa nyumbani wakaniambia nisubiri. Komanda mpya ameahidi kufuatilia. Mama wa kanisani wakaja na unga na maharage, na wote walikuwa wema. "Mama Neema, bintu bya Leta ni bya kuvumilia. Siye tuko bakimbizi. Tutashitaki Leta ya batu, halafu tutalala wapi?" Mtoto alikuwa anapasuliwa mguu mara ya pili. Nikavumilia. Mimi, mwenye wino mwekundu, nikavumilia mwaka mzima na miezi mitatu. Mguu mgonjwa unakula siku zako zote, haujui Jumatatu wala Ijumaa.

Hajati ndiye aliyenivuta. Alikuja mwenyewe Nakivale na viatu vyake vya ofisini, akakaa kwenye kiti changu cha kushonea.

"Unangoja nini?"

"Ni mtoto, Hajati. Mtoto sheria inamngoja mpaka awe mkubwa."

"Inamngoja yatima. Mtoto ambaye hakuwa na mzazi wa kumtunza, huyo anangojewa. Huyu wako alikuwa mikononi mwa mama. Saa yake imeanza kutembea siku ile ile."

"Kwa hiyo angekuwa hana mama..."

"Angekuwa na muda. Ndiyo. Usinitazame hivyo, mimi sikuandika."

Notisi ikaenda wiki ile. Ilisema "lori la maji la serikali," bila namba. Tuliposubiri jibu karibu miezi sita, zaidi ya siku zilizowekwa, nikalifuata Mbarara na mtoto, na mnajua lililonikuta. Ilikuwa imebaki miezi mitatu kabla miaka miwili haijaisha.

Kutoka kwa yule afisa nilikwenda moja kwa moja juu ya duka la magodoro. Nilimsomea Hajati barua kwa sauti, ule mstari wa Nakivale nikausoma mara tatu. Akacheka.

"Unacheka?"

"Banange, huo ndio mstari mzuri kuliko yote. Huo hauhitaji hata shahidi. Nakivale ilitangazwa na serikali yenyewe kwa maandishi yake, kwenye gazeti lake rasmi. Jaji ataitambua mwenyewe, dakika moja. Wewe umemtolea kiatu mtu kwa kitu ambacho korti inajua." Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. "Tatizo letu ni hii. Lori. Hii korti haijui."

"Kila mtu Nakivale anajua lile lori ni..."

Hajati aliniachia niisikie sauti yangu.

"Nani anaandika magari yanayokuja pale kwa maji?" akauliza.

Nilijua ni nani. Nilikuwa nimejua tangu siku ya kwanza. Pale kwenye maji kuna daftari, kwa sababu vijiji viwili viliwahi kupigana kuhusu nani alipewa lori gani, na tangu hapo kila lori linaandikwa namba yake na saa kabla bomba halijafunguliwa. Anayeandika ni Mama Sifa. Nilikuwa sijasema naye neno tangu siku ile. Nilikuwa nachota maji kwenye kituo cha mbali, dakika arobaini kwa mguu, ili nisimwone.

Nilimkuta anafagia tope.

"Umekuja kunitukana ao umekuja kuchota?"

"Nimekuja kuomba daftari."

Aliegemea fagio. "Ile siku ulisema mbele ya batu bote kwamba nimekula fasi ya mutoto yako."

"Nilisema."

"Na leo?"

"Na leo bado nasema jerikani uliisogeza."

Nilidhani atanifukuza. Akacheka bila furaha. "Niliisogeza. Ilikuwa na tundu. Bintu bya tundu binaenda nyuma, njo sheria ya hapa, haikuwa kwa ubaya." Kisha akakaa chini, pale pale kwenye saruji yenye maji. "Mama Neema, kila siku minaiona ile jerikani. Kama singeisogeza..."

Miezi ishirini na moja nilikuwa nimeyangoja maneno hayo. Nilikuwa nimeyatayarishia jibu baya. Yalipokuja niliona hayana kazi.

"Lori ndilo lilirudi nyuma," nikasema. "Jerikani haikurudi nyuma. Lete daftari."

Mama Sifa alisoma mpaka darasa la tatu. Namba anazichora, haziandiki. Ukurasa ulikuwa umelowa ukakauka, lakini ilikuwapo: UG, na tarakimu zote, na saa tatu asubuhi. Kwenye mistari mingine aliandika jina la kijiji kilichopewa maji. Kwenye mstari ule aliandika neno moja tu: mutoto.

"Utakuja kortini kusema ni mwandiko wako?"

"Nitavaa nini?"

"Nitakushonea."

Siku ya kufungua kesi nilikwenda peke yangu. Kuna mambo madogo ya kujua pale dirishani. Nenda asubuhi, kabla ya chai ya karani. Beba nakala zaidi ya zinazotakiwa. Usimpe nakala yenye saini ya wino ukabaki na fotokopi tu. Karani ananijua miaka yote, akachukua karatasi akaniuliza bila kutazama juu, "Leo unamtafsiria nani?"

"Hakuna. Leo mimi ndiye mwenye kesi."

Ndipo akatazama juu. Akasoma jina. Mwenye kesi hawezi kuwa mkalimani, wala mama wa mwenye kesi. Hiyo ndiyo sababu niliacha kazi, si uzee. Mama Sifa atakapopanda kuapa, atahitaji mtu wa kumtafsiria, na mtu huyo atakuwa mmoja wenu. Sitakuwa na ruhusa ya kumsahihisha. Nitakaa kwenye benchi, nitasikiliza kila neno. Kwa hiyo jifunzeni vizuri. Akisema mutoto, semeni mtoto. Msiongeze.

Haya ndiyo niliyopeleka. Yalikuwa kwa Kiingereza, hapa nawawekea kwa lugha yetu, bila vipengele vya fidia ambavyo ni kazi ya Hajati. Karani aliyagonga muhuri nikiwa namwangalia mkono.

*

MADAI

Kati ya Neema, mtoto, kupitia mama yake kama rafiki yake wa karibu, kwani ndivyo sheria inavyomwita mama, na Mwanasheria Mkuu kwa niaba ya Serikali.

1. Mdai ni msichana wa miaka karibu saba, mkimbizi, mkazi wa Nakivale.

2. Kwamba Nakivale ipo, iko wapi, na iko chini ya nani: mdai haleti shahidi. Korti inaombwa itambue yenyewe, kwani inajua.

3. Lori la maji la mdaiwa, ambalo namba yake imeandikwa katika daftari lililoambatanishwa, lilirudi nyuma bila mtu wa kuongoza mahali watu wanapopanga jerikani, likapita juu ya mguu wa kushoto wa mdai.

4. Mdai alikuwa amesimama pale alipoambiwa na mama yake asimame.

5. Mdaiwa anasema mdai hakuwa mwangalifu. Mdai alikuwa na miaka mitano, na alikuwa analinda jerikani.

6. Mdai alipeleka notisi. Mdaiwa alijibu kwamba hajui.

7. Kwamba mguu wa kushoto wa mdai ni mfupi kuliko wa kulia, na kwamba haukuwa hivyo: hilo Korti haijui, na mdai haombi ilijue bila kuonyeshwa. Siku itakayopangwa, mdai atakuja mwenyewe, atatembea kutoka mlangoni mpaka mbele ya Jaji, bila kiatu.